Maître Zéphyrin Lwaboshi, Mwakilishi wa Mwami Aliyekataa Kurithiwa

Wapendwa, Maître Zéphyrin Lwaboshi, tunayemsindikiza leo hapa Grand Prairie, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1958 huko Walungu, Kivu Kusini, na mama yake alizoea kusema kwamba mtoto huyu alijua kutoroka kabla hajajua kukaa.

Alisoma kwa wamisionari, akapata shahada ya sheria Kinshasa mwaka 1984, akaanza uwakili Bukavu na kuitwa Maître, na tarehe 11 Julai 1987 akafunga ndoa na Cécile, wakajaliwa Shalom na Jessica. Vita vya mwaka 1998 viliwatoa nyumbani, wakaishi Kampala hadi walipopokelewa Dallas mwaka 2009, na kwa kuwa uwakili wake haukutambuliwa hapa, alifanya kazi ghalani, siku za mapumziko akiwatafsiria watu mahakamani, huku miguu ikimcheza chini ya meza kila aliposikia kesi inatetewa vibaya.

Mwaka 2014 Mwami, mfalme wa kwetu, alimteua kuwa mwakilishi wake kwa watu wetu wote wa Texas, awapatanishe katika ndoa, mirathi na misiba, na tangu hapo gari lake halikupoa, leo Dallas, kesho Houston, Mama Cécile akimwita mlangoni akae, "Ikala kwanza ukule, Papa," naye akijibu akiwa ameshawasha injini, "Nitakula njiani."

Mwami alipofariki mwaka 2021, wanawe wawili waligombea kiti, watu wa Houston wakamfuata mkubwa, wa Dallas wakamfuata mdogo, na kila upande ukamtaka Maître atangaze jina la mgombea wake. Aliwajibu wote neno moja, "Aliyenituma amekufa, na mimi si mali ya kurithiwa," akauvua uwakilishi, na pande zote mbili zikamsusa, simu ikanyamaza, akawa anazunguka uani kama mtu aliyepoteza kitu.

Adhabu ilimwangukia Jessica, aliyekuwa amechumbiwa na Lenny wa Houston, kwa maana Mzee Modestus, baba yake Lenny, alisema hatavuka kwenda kumwoza mwanawe kwa mtu asiye na Mwami. Arusi iliahirishwa mara mbili, Jessica akamwambia baba yake, "Taja tu jina, Papa, ni neno moja," naye akalia mbele yake, lakini hakulitaja.

Oktoba mwaka jana alipatikana na saratani ya kongosho, iliyokuwa imeshasambaa. Habari zilipofika Houston, Mzee Modestus aliendesha gari peke yake hadi hospitalini Dallas, akasimama mlangoni, na Maître, ambaye hakuwa ameinuka tangu juzi yake, alishusha miguu kitandani, akashikwa na Shalom, akasimama, akasema, "Karibu, mkwe. Mtoto ni wako." Mahari ilipokelewa chumbani humo.

Alifariki Jumatatu tarehe 3 Machi 2025, mkono wake ukiwa katika mkono wa Mama Cécile, baada ya kuagiza kwamba msiba wake usiisogeze tena arusi, kwa hiyo Jessica na Lenny watafunga ndoa Jumamosi tarehe 22, na wote mliokaa hapa, wa Houston na wa Dallas, mmealikwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, wenzake wa ghalani na kanisa lote.

Maître, kesi zimekwisha, lala salama, upumzike kwa amani.