Bi Bahasha, Aliyehamisha Miguu Mia Nne

Ijumaa ya tarehe 28 mwezi huu, saa kumi jioni, karani wetu wa barua atafunga droo yake kwa mara ya mwisho, baada ya kuitumikia karakana hii ya miguu ya bandia kwa miaka thelathini na mmoja. Ukitoa likizo za uzazi, hakukosa kazini ila siku mbili. Ile siku aliyong'olewa jino wala haimo katika hizo mbili: alirudi saa nane mchana na pamba mdomoni, akapokea simu za wateja kwa kuguna, na wakamwelewa.

Wasifu huu nimepewa mimi, fundi wa nyayo, kwa sababu wenzangu wanaweza kuchonga mguu ukacheza mpira, lakini ukiwapa kalamu wanatokwa jasho. Shule niliiacha njiani, ila dunia nimeisoma jalada hadi jalada. Nimefanya kazi miji saba, na mtu akipita nje ya dirisha nasikia hatua zake tu nakuambia kiatu chake kinalika upande gani. Kwa hiyo nikisema sijapata kuona karani wa aina hii, anayesema ni mtu aliyeona makarani.

Jina la Bi Bahasha alipewa mwaka wake wa kwanza. Bahasha iliyofika kwetu na barua haikutupwa. Aliigeuza ndani nje, akaigundisha upya, ikarudi ilikotoka na majibu. Kuna muuza ngozi mmoja aliyepokea bahasha yake mwenyewe mara nne mpaka akaja kuuliza kama tunamdhihaki. Alipewa chai.

Kompyuta ilipoletwa, wengi wetu tuliipisha njia kama mkwe. Bi Bahasha aliifuta vumbi, akakaa mbele yake, na kabla ya wiki kuisha alikuwa ameiwekea programu ya barua pepe, ile inayokaa ndani ya kompyuta yenyewe, inayokuwezesha kusoma barua zako hata mtandao ukiwa umekwenda kutembea. Na mtandao wetu ni mtembezi hasa.

Humo akafungua folda kwa kila mteja. Ieleweke kwamba wateja wetu wengi wako mbali, na mguu unatengenezwa kwa barua: vipimo, picha ya kigutu, malalamiko kwamba unabana, shukrani kwamba umeacha kubana. Fundi cherehani mmoja aliandika barua kumi na moja mpaka tukampatia kifundo kinachoinama sawasawa kukanyaga pedali ya cherehani yake. Bila barua zile kumi na moja, mguu wake unaofuata ungeanzia sifuri.

Sasa nije kwenye lile jambo ambalo kila mtu anasubiri niliseme.

Mwaka jana kampuni iliyokuwa inatubebea barua pepe bure ilitupa taarifa: baada ya wiki tatu, Ijumaa saa sita mchana, haitaruhusu tena programu za kompyuta kuchukua barua kwake. Anayetaka barua azisome kwenye tovuti yao, katikati ya matangazo. Na zote zenye umri wa zaidi ya miaka miwili zitafutwa. Mjanja atasema, si zilikuwa ndani ya kompyuta yetu? Zilikuwa. Lakini programu ilifuata hifadhi ya kampuni kama kivuli: kikifutwa kule, na huku kinafutika.

Fundi wetu wa kompyuta, mtu mzima mwenye ndevu na haraka nyingi, alishauri tuhamie kwenye kampuni kubwa kuliko zote. “Mama, dunia nzima iko kule,” akasema. Bi Bahasha akamjibu kwamba dunia nzima iko pia kwenye foleni ya benki, na hajamwona anayefurahia. Mkurugenzi yeye alitaka neno moja tu: bure.

Bi Bahasha akafanya usaili. Alichagua kampuni nne, akaziandikia barua ileile na kuambatisha mchoro wa mguu wa ukubwa kamili. Maswali matatu: Programu yangu mtaikubali bila masharti ya kuzunguka? Mchoro huu utapita? Na siku nikiwachoka, naondokaje na barua zangu zote?

Ile kubwa kuliko zote ilijibu baada ya sekunde mbili, ikashukuru kwa swali zuri, na mpaka leo inaendelea kushukuru. Ya pili iliurudisha mchoro, ikisema mguu ni mzito. Ya tatu ilijibu yote vizuri ila la kuondoka. Hapo ikapata kigugumizi. Ya nne, ndogo, hakuna aliyewahi kuisikia, alijibu mtu mwenye jina lake. Akaandika kwamba huduma yao si ya bure, programu yetu inakaribishwa, mchoro umefika na kidole gumba amekiona. Akaambatisha maelezo ya kurasa mbili ya namna ya kuingia, na kurasa mbili nyingine za namna ya kutoka. Bi Bahasha alizisoma zile za kutoka kwanza, akasema, “Huyu ndiye.” Mkurugenzi alipogunia lile neno la kulipia, akakumbushwa kwa adabu kwamba cha bure ndicho kilichokuwa kinatufukuza.

Fundi wa kompyuta akataka kufuta akaunti ya zamani papo hapo ili aweke mpya. Alipigwa mkono, nilishuhudia. “Mbachao hauachwi mpaka msala umetandikwa,” akaambiwa. Akaunti zote mbili zikawekwa kwenye programu, moja juu ya nyingine, na Bi Bahasha akaanza kuburuta folda moja moja kutoka ya juu kwenda ya chini. Folda mia nne na kumi na mbili, zimejaa michoro, kwenye mtandao wetu ule mtembezi.

Mimi nilimwambia asijisumbue, miguu yote ninayo kichwani. Akaniuliza mguu wa mwokaji mikate ni wa kulia au wa kushoto. Nikamjibu bila kupepesa, wa kulia. Kumbe mwokaji ana miguu yake yote miwili; mteja wetu ni binti yake. Nikarudi kwenye nyayo zangu.

Fundi wa kompyuta alishauri twende kwa alfabeti. Bi Bahasha akakataa, akaanza na watoto, mia moja na kumi na watatu. Mtu mzima kipimo chake kikipotea, anapimwa upya. Mtoto, kipimo chake cha mwaka juzi hakipimiki tena, na bila hicho hatujui kigutu kinakua kuelekea wapi. Baada ya watoto, wanaofanya kazi wamesimama. Kisha wengine wote. Mwisho kabisa, barua za Mkurugenzi na wauza plastiki, miaka tisa ya barua.

Ijumaa saa nne asubuhi mtandao ukaondoka. Ukarudi saa tano na nusu, na folda za wateja thelathini zilikuwa bado. Mkurugenzi akaja akasimama nyuma ya kiti. “Anza na zangu.” Sisi tukaacha nyundo. Mama wa watu alibakisha mwaka mmoja kustaafu, na karatasi zake zote za kustaafu zinapita kwenye saini ya mtu huyohuyo. Hakugeuka. “Wauza plastiki watakuandikia tena, Mkurugenzi. Huyu hapa hajui hata kwamba ana folda.” Akaendelea kuburuta. Folda ya mwisho ya mteja iliingia saa sita kasoro dakika mbili. Saa sita kampuni ikafunga njia, na miaka tisa ya Mkurugenzi, ukitoa miwili ya mwisho, ikafutika.

Akaitwa ofisini. Ukuta wa ofisi ile ni mbao nyembamba, kwa hiyo sote tulikuwa kikaoni. Mkurugenzi alisema ameaibishwa mbele ya wafanyakazi, na barua ya onyo iandikwe na iingie kwenye jalada lake. Shida ni kwamba barua zote za karakana anaandika Bi Bahasha.

Akaiandika. Robo saa baadaye akarudi nayo, akamsomea kabla ya saini, kwa sauti ileile anayosomea barua za ngozi na plasta: kwamba karani tajwa anaonywa kwa kosa la kuhamisha vipimo vya watoto mia moja na kumi na watatu, na vya watu wazima mia mbili tisini na tisa, kabla ya barua za Mkurugenzi. Akamwekea kalamu.

Kisha Mkurugenzi akauliza, “Wote wamefika?” Akajibiwa wote. “Iache hapo mezani.”

Haikusainiwa. Wiki iliyofuata Mkurugenzi alikaa kuwaandikia wauza plastiki mwenyewe, kwa vidole viwili, akiwaomba nakala, na wengi walimtumia. Mwezi uliopita binti wa mwokaji alikuja kuchukua mguu wake wa sita. Alitoka akikimbia, mama yake nyuma akifoka apunguze mwendo.

Bi Bahasha anaondoka akiwa amemfundisha anayempokea kila kona ya programu ile. Nyumbani anasubiriwa na mumewe, fundi saa, wajukuu wanne, na kitasa kimoja alichoahidi kukitengeneza tangu mjukuu wa kwanza hajazaliwa.

Dada yetu, mama yetu, tunasema asante, na asante hii haitoki kwenye mashine. Uamke jua likiwa limepanda, chai isipoe mkononi, magoti yakuhurumie, na kila siku yako iwe njema. Cheti cha shukrani usikitafute kwenye ratiba ya Ijumaa, hakimo. Mkurugenzi ameomba asome ile barua ya onyo mbele ya watu wote, kisha aitie saini.