Mama Dakika na Mapigo Sita

Ijumaa hii, tarehe thelathini, saa kumi jioni, Mama Dakika anastaafu baada ya kuitumikia klabu yetu ya ngumi kwa miaka ishirini na tisa na miezi minne. Alipaswa kustaafu mwisho wa mwaka. Sababu ya kuondoka mapema hivi tutaifikia. Mwenyekiti aliagiza wasifu wake uwe wa maneno matamu na usizidi nusu ukurasa. Maneno matamu yapo mengi. Nusu ukurasa ndiyo haikutosha.

Alikuja hapa akiwa muuguzi, kazi yake kufunga nyusi zilizochanika na kuzuia damu ya pua. Alipewa benchi la mbao karibu na mlango wa choo, na sanduku la dawa lisilokuwa na kitasa. Mwaka wake wa pili, mabondia wetu watano walipigwa siku moja, wote katika raundi ya tatu, na wote walikuwa wakiongoza raundi mbili za kwanza. Walimu walisema ni mkosi. Yeye aliuliza vijana wanajengaje pumzi. Akajibiwa kwamba wanakimbia kilomita kumi na mbili kila alfajiri, mwendo uleule kutoka mlangoni hadi mlangoni. Waliokuwepo wanasema aliwatazama walimu mmoja mmoja, kisha akasema, "Basi mnawafundisha kuchelewa."

Walimcheka. Nesi wa plasta na pamba atawaambia nini wanaume wa ulingoni? Lakini alikuwa amesema kweli, na wiki iliyofuata alianza kuionyesha kwa vijana wawili ambao hakuna mwalimu aliyewataka.

Maelezo yake ni mepesi, hata sisi tusiorusha ngumi tunayaelewa. Pambano si safari ya mbali. Ni dakika tatu za kulipuka, dakika moja ya kukaa, halafu kulipuka tena. Moyo unaofundishwa kwenda mwendo mmoja tu utashangaa siku hiyo na kuchelewa kutulia, na ukichelewa, mikono inashuka. Kwa hiyo mara mbili kwa wiki, si zaidi, vijana wake walifanya kazi ya kuumiza: dakika tatu kwenye mfuko wa kupigia ngumi, kwenye kamba ya kuruka, au kwenye ngazi za jengo la jirani, kisha dakika moja ya kupumzika, raundi sita. Siku nyingine walikimbia polepole huku wakipiga soga. Aliyeshindwa kumaliza sentensi bila kuhema alipunguziwa mwendo. Ndiyo maana klabu hii haina siri. Mabondia wetu wamesimuliana habari za wakwe, za wenye nyumba na za majino yao mabovu, kilomita baada ya kilomita.

Kuhusu zile ngazi, ghorofa ya pili kuna fundi cherehani. Alishuka siku ya kwanza akiwa na sindano mdomoni, akalalamika kwamba vishindo vinampindishia mshono. Mama Dakika hakubishana naye. Alimpa saa ya kuhesabia akamwomba asimame pale juu awapigie vijana muda. Mwezi haukuisha, fundi akawa mkali kuliko mwenye kazi. "Inua magoti, wewe, hujabeba gunia," ndiyo salamu yake hadi leo.

Jina la Mama Dakika limetokana na ile dakika moja ya kupumzika, maana hapo ndipo alipofanya kazi yake kubwa. Raundi ikiisha, anaweka vidole viwili shingoni mwa bondia na kuhesabu mapigo ya moyo kwa robo dakika. Dakika ikikaribia kwisha, anahesabu tena. Hesabu ya pili lazima iwe imepungua kwa mapigo sita au zaidi. Isipopungua, moyo haujarudi, na mtu ambaye moyo wake haujarudi hapandi ulingoni. Huwa hajali wewe ni nani, pambano ni lini, wala nani amekuja kukutazama.

Kwa kanuni hiyo, miaka kumi na mmoja imepita bila bondia wetu hata mmoja kusimamishwa kwa kuishiwa pumzi. Makombe yamejaa kabati. Tazameni basi picha iliyo juu ya kabati hilo. Mwenyekiti amesimama katikati ameshika kombe, na pembeni kabisa unaonekana mkono wenye taulo. Huo mkono ni wa Mama Dakika. Na kwenye orodha ya walimu iliyobandikwa mlangoni, yeye yuko chini kabisa, baada ya mlinzi, ameandikwa "mhudumu wa afya". Naipita orodha hiyo kila asubuhi nikienda kukaa mapokezi, na kila asubuhi inanikera. Mabondia wamemwita mwalimu kwa robo karne. Waliobaki walishindwa nini?

Sasa tufike kwenye sababu.

Mwezi uliopita bondia wetu wa uzito wa kati, tunayemwita Nyundo, alishikwa na homa. Mama Dakika alimwambia alale hadi homa iishe, kisha akae wiki nzima bila zoezi. Mwenyekiti, ambaye zamani alikuwa bondia mzuri na hakuna anayemnyima sifa hiyo, alimwambia Nyundo kwamba homa ya bondia hutolewa kwa jasho. Akamvalisha koti la nailoni juu ya sweta na kumkimbiza jua kali siku nne. Nyundo alipungua kilo tatu. Mwenyekiti alifurahi, kana kwamba jasho ndilo pumzi.

Homa ilipokwisha, Nyundo alirudi kwenye mfuko. Mama Dakika akahesabu: arobaini na sita. Baada ya dakika: arobaini na nne. Alirudia siku tatu tofauti, na hesabu haikupungua zaidi ya mawili. Alimwambia aende hospitali, na yeye mwenyewe akakataa kusaini fomu ya afya inayomruhusu bondia kupanda ulingoni. Pambano lilikuwa limebakiza majuma mawili, na mabango yalikwishabandikwa mjini.

Mwenyekiti alimwambia Nyundo kwamba ule ni uvivu uliopata mama wa kuubembeleza. Kesho yake Mama Dakika akapokea barua ya kumshukuru kwa utumishi wake na kumjulisha kwamba siku yake ya kustaafu imeharakishwa, sasa ni Ijumaa hii. Barua hiyo niliipiga chapa mimi. Siku hiyohiyo nilipiga chapa ratiba ya pambano, na humo imeandikwa kwamba fomu ya Nyundo itasainiwa na Mwenyekiti Ijumaa, saa kumi na moja jioni. Saa moja baada ya Mama Dakika kuondoka. Hawakuona haya, wala hawakungoja hata Jumamosi.

Jumatano ukumbi ulijaa, na Mwenyekiti alikuwepo. Mama Dakika alimpa Nyundo dakika tatu kwenye mfuko, kisha akamkalisha kwenye lile benchi la mbao. Ulipofika wakati wa kuhesabu, hakunyoosha mkono. Alimwambia ahesabu mwenyewe, kwa sababu kuanzia Ijumaa hatakuwepo wa kumhesabia. Nyundo aliweka vidole vyake viwili shingoni. Ukumbi mzima ulisimama, hata kamba ziliacha kupiga sakafu. Alihesabu mara ya kwanza, akangoja, akahesabu mara ya pili. Jasho lilimtiririka kidevuni na hakulifuta.

"Mama, nikijitoa wataniita mwoga," alisema.

"Watakuita, mwanangu. Na wewe utaitika. Wapo walioitwa mashujaa ambao hawaitiki tena."

Nyundo alivua glavu, akaenda mpaka kwa Mwenyekiti. Hakupandisha sauti. Alitaja hesabu zote mbili, arobaini na tano na arobaini na nne, akasema jina lake lifutwe. Mwenyekiti alimwambia atajuta, na kwamba nafasi kama ile haiji mara mbili. Nyundo akajibu, "Moyo nao hauji mara mbili, mzee." Kisha akaomba mtu wa kumsindikiza hospitali, na fundi cherehani akawa wa kwanza kufika mlangoni, futi yake ya kupimia ingali shingoni.

Jana daktari alimwambia kwamba ile homa iliuingia msuli wa moyo, na kuukimbiza moyo huo juani kuliuongezea ugonjwa. Kwa miezi mitatu asiruke hata kamba. Kuhusu raundi za pambano, daktari alisema afadhali asimweleze ambacho kingetokea.

Hadi karatasi hii inapochapwa, Mwenyekiti hajamwomba radhi Nyundo wala Mama Dakika. Atakaa meza kuu leo na atatoa hotuba. Tutamsikiliza kwa adabu. Katibu wa klabu amesoma niliyoandika, akasema ni makali. Nilimwuliza lipi si kweli. Akanirudishia karatasi akaenda zake.

Mama Dakika, wengi humu ndani wanapumua vizuri kwa sababu yako, na wapo wanaopumua tu, basi, kwa sababu yako. Ahsante kwa miaka ishirini na tisa. Samahani kwa jinsi tulivyokuaga. Mabondia wameandika kanuni ya mapigo sita kwa herufi kubwa na kuibandika ukutani, na chini yake wameandika cheo chako: Mwalimu. Atakayeibandua atatukuta tumeshabandika nyingine. Nenda ukapumzike, Mwalimu wetu, zaidi ya dakika moja safari hii, na moyo wako upige taratibu kwa miaka mingi.