Mzee Thoan na Watu wa Lũng Sải

Baada ya miaka thelathini na sita katika Idara ya Makada ya mkoa wetu, Mzee Khuất Duy Thoan anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni. Sisi tunaobaki tumeshaanza kugombania kiti chake cha dirishani, kule ambako ukungu wa mtoni huingia asubuhi mpaka usione faili lililo mbele yako.

Kazi yake ilikuwa moja tangu ujana. Kada akipendekezwa kupanda cheo, kabla ya kura ya imani na kabla kamati haijakaa, lazima mtu aende anakoishi na anakofanyia kazi, anywe chai na wananchi, awaulize ni mtu wa namna gani. Mtu huyo alikuwa Thoan. Wenyeviti wangapi wamepita kwanza kwenye masikio yale!

Na ajabu yake, alikuwa akisinzia. Jamani, usingizi wa Mzee Thoan! Majirani wanaanza wimbo wao wa kila siku, "mtu mzuri, hana ugomvi na mtu," naye kidevu kinashuka kifuani taratibu, chai inapoa, sauti zinakuwa za mbali kama za ng'ambo ya mto. Wakiona amelala, wanasema kweli.

"Sema tu, huyu kashalala."

"Basi yule bwana hajawahi kukanyaga msibani, hata siku moja!"

Jicho moja linafumbuka. "Msiba wa nani, dada?"

Lakini safari anayoikumbuka kuliko zote ni ya Lũng Sải, juu milimani, ambako mawingu hulala barabarani. Mwenyekiti wa wilaya hiyo alikuwa Bi Tạ Hồng Lam, mtu wa mjini aliyepelekwa huko akakomae, kama makada wetu wanavyopelekwa. Alipendekezwa kuwa makamu mwenyekiti wa mkoa. Umri wake ulikuwa umefika ukingoni: akikosa safari hii, basi tena. Na maoni ya wananchi yakiwa mabaya, hata uenyekiti angevuliwa.

Thoan akapanda huko, akakaa na wanakijiji, akasinzia. Watu wakamsema Bi Lam vibaya mpaka basi. Mvivu! Ana maringo! Hasalimii watu! Bibi Giàng Thị Sua, mkubwa wa kijiji kile, akamalizia: "Hafai kabisa yule."

"Kama hafai," Thoan akasema macho yakiwa yamefumbwa, "tumwondoe leo?"

Kikao kizima kikaruka. "Thubutu! Bomba la maji atalimaliza nani?"

Ndipo Bibi Sua alipoona hakuna cha kuficha. "Mwanangu, yule wa kabla yake tulimsifu, mkamchukua. Safari hii tumepata akili."

Thoan anasema alicheka sana, halafu kicheko kikamkauka. "Bibi yangu, nikipeleka haya mliyosema, atafukuzwa. Nikipeleka ya kweli, atapanda. Kubaki hapa habaki. Mnachoweza kuchagua ni aondoke vipi."

Bibi Sua alimmiminia chai mpaka ikafurika mezani, asione. Kisha akasema yote: jinsi Bi Lam alivyobeba mabomba begani pamoja nao, jinsi alivyolala kwao mafuriko yalipokata njia. Alisema huku analia, na Thoan akaandika, macho wazi.

Bi Lam alipita kwa kura nyingi. Siku anaondoka, Bibi Sua hakutoka kumuaga.

Kwenye kamati, Thoan alisimama akaomba watu wa Lũng Sải waulizwe sasa wanamtaka kiongozi gani. Akajibiwa kwa upole kwamba utaratibu ni kuwauliza watu kuhusu kada aliyependekezwa, si kuwauliza wanamtaka nani. Akakaa. Ilimuuma, tuliona. Mwenyekiti mpya alipelekwa, bomba likaachwa nusu ya mlima.

Kuanzia hapo, kila likizo Mzee wetu alipotea. Wakubwa walidhani yuko pwani. Kumbe yuko Lũng Sải na koleo, anachimba mtaro na wanakijiji, na Bi Lam huko mkoani anapigania mabomba kimyakimya. Mwezi wa nne mwaka huu maji yalifika mlangoni kwa Bibi Sua.

Mzee Thoan, asante kwa subira yako na kwa utani wako. Asante pia kwa kutufundisha kwamba kila kada mwema tunayempandisha, kuna mahali tumemwondoa, na watu wa huko wanabaki wakitazama njia.

Sasa anahamia Lũng Sải. Mizigo imetangulia. Tulipompigia simu Bibi Sua kumuuliza kama watampokea, tulisikia kuku, maji, halafu sauti yake: "Huyo keshastaafu? Hakuna tena wa kumpandisha cheo?"

Hakuna, Bibi.

"Basi mleteni. Huyo sasa ni wetu."

Kakae salama kwa watu wako, Mzee wetu, na umri mrefu ukufuate huko.