Mpira Ulioangushwa na Adabu

Ndani ya treni ya asubuhi, fundi cherehani mwenye tepu shingoni alikuwa akimlalamikia jirani yake, mama mrefu ambaye magoti yake yalikuwa yameshafika kwenye kiti changu. “Binti yangu anacheza voliboli. Huyo kocha wao mpya, eti alifika Olimpiki, ameniharibia mtoto. Siku hizi hata nyama ikiwekwa mezani anapiga kelele, ‘Yangu!’ Mbele ya shangazi zake!”

“Kocha mwenyewe ndiye mimi,” akasema yule mama.

Fundi alitafuta pa kuangalia, akaishia kuniangalia mimi. Nikageukia dirishani.

“Kule Olimpiki,” mama akaendelea, “mpira wa mwisho ulikuja kati yangu na nahodha. Nikamwachia yeye kwa heshima, naye akaniachia mimi. Ukaanguka katikati yetu, tukarudi nyumbani. Kwenye timu yangu hakuna kuachiana: anayeufuata mpira anapiga kelele, ‘Yangu!’”

“Sawa, kocha, lakini shangazi zake...”

“Nao wapige kelele.”

Treni ikasimama. Wote wawili walikuwa wanashuka hapo, wakafika mlangoni pamoja.

“Tangulia, kaka,” akasema kocha.

“Hapana, dada, tangulia wewe.”

“Wewe ndiye uliyefika kwanza.”

Mlango ukafungwa, tukaondoka nao wote wawili.