Jumapili ya Nyatichi

Mwaka ule wa mvua ya El Nino, kijiwe cha kahawa ya Pamela mjini Migori hakikukosa watu, lakini Jumapili hiyo Monari, muuza ndizi, hakutulia. Mfukoni alikuwa na barua ya mwalimu: bintiye Nyatichi, wa kidato cha kwanza, husinzia darasani kila Jumatatu. Kesho baba afike aseme kama kazi ya Osiri itaendelea. Huko Osiri, kwenye machimbo, Wakatoliki wakienda misa, watoto wa Wasabato ndio huingia kuosha mchanga wa dhahabu. Nyatichi alikuwa huko saa hiyo hiyo, na Monari hakubandua macho barabarani.

— Kazi inakomaza mtoto, omera, ndugu yangu, — alisema Zablon, aliyeitwa Redio kwa kuwa hazimwi. — Mimi nilichunga ng'ombe mpaka Ogwedhi. Si uniangalie!

— Tumekuangalia. Ndio maana tunaogopa.

Huyo alikuwa Nyamhanga, ama Daktari. Aliwahi kufagia zahanati.

— Kisayansi, — Daktari akaendelea, — mtoto akiinamia karai siku nzima, damu inateremka kichwani. Akili inapata mbolea.

— Sasa mbona analala? — Monari akauliza.

— Hiyo ni akili inakua! Kwani mtoto mchanga halali?

— Huyo atakuwa waziri wa madini, — Redio akadakia. — Hiyo barua choma.

— Viatu alijinunulia mwenyewe, — Monari akasema. — Nilifurahi, siwafichi. Lakini zamani alikuwa anaimba akipika. Siku hizi ananijibu kama karani.

— Ukubwa huo! — Redio akasema.

— Ni vumbi la dhahabu, — Daktari akaongeza. — Linakausha nyimbo.

Wakacheka. Monari hakucheka.

Pembeni alikaa mama mmoja wa Lambwe, Dorine, akingoja gari na kikombe mkononi.

— Samahani, baba Nyatichi. Huyo msichana anapumzika siku gani?



Monari akainua mkono. Jumatatu mpaka Ijumaa, shule: vidole vitano. Akainua mkono wa pili. Jumamosi, Sabato, kanisani kutoka asubuhi mpaka jioni. Jumapili, Osiri. Akabaki ameshika kidole cha saba, akikitazama kwa aibu.

— Baba Nyatichi, kahawa yako inapoa, — Pamela akamwambia.

Lakini Monari alikuwa ameshaondoka, mbio mbio, kushika njia ya Osiri.