Nilimjibia Mdogo Wangu

Kamwene, ndugu zangu! Bwana asifiwe, aliyenisimamisha mbele ya kanisa leo nishuhudie.

Hapa Kilolo wengi mnanijua kama dada yake Lameck. Mama alipomfuata baba kaburini, niliacha shule nikiwa darasa la sita. Lameck alikuwa bado wa kubebwa mgongoni. Nilimlea kwa jembe. Kwetu mkubwa ndiye msemaji wa nyumba: shuleni, zahanati, hata msibani. Nilimsemea yote, nikadhani ndiyo kumpenda.

Alipokua alikwenda Makongolosi kuchimba dhahabu. Baada ya miaka mitatu akarudi, mikono inatetemeka. Akiamka tu anakunywa pombe kali, kisha anakaa kutazama ukuta. Ndugu zangu, niliona aibu! Watu wakiuliza, nawaambia ana malaria.

Siku moja mhudumu wa afya wa kijiji, Neema, akapita nyumba kwa nyumba na simu yenye maswali ya afya ya akili na ulevi. Alipofika kwetu akamgeukia Lameck.

"Wiki hizi mbili, ni siku ngapi umejisikia huna hamu ya kitu chochote?"

Nikadakia, "Hakuna siku. Huyu mzima."

"Dada, namuuliza yeye."

"Na mimi ndiye niliyemlea. Andika!"

Lameck akacheka kwa uchovu. "Andika tu, dada Neema. Hapa kwetu hata nikiwashwa mimi, anajikuna yeye."

Neema akabonyeza hakuna, hakuna, hakuna. Simu ikatoa rangi ya kijani: hana tatizo. Nami nikamshukuru Mungu kwa rangi niliyoipaka mwenyewe!

Mwezi haukuisha. Nilikuwa shambani navuna njegere, jirani akaja mbio. Lameck alikuwa amejaribu kujiua. Walimwahi. Nilipofika amelala kwenye mkeka, akaniambia taratibu, "Dada, hata huzuni yangu ulinijibia."

Ndugu zangu, neno hilo bado liko hapa kifuani. Halijatoka.

Nililia mbele za Bwana, nikatubu kiburi changu. Nikamtafuta Neema arudi na maswali yaleyale. Safari hii mimi nilikaa nje na kuku, nimeziba mdomo kwa khanga. Simu ikaonyesha nyekundu. Neema hakuondoka mpaka tulipopata gari la kwenda hospitali, Iringa mjini.

Huko walimtibu, na kabla hatujaondoka wakaandikisha namba yake, na yangu ya akiba. Kila Jumatatu simu yake ndogo inapokea ujumbe: Umekunywa? Umelala? Moyo wako ukoje, kuanzia moja hadi tano? Jibu likiwa baya, au asipojibu, muuguzi anapiga.

Jumatatu ya kwanza aliniletea simu. "Dada, nijibu nini?"

Kinywa changu kilikwisha kufunguka. Bwana akakifunga! Nikachukua kikapu, nikaenda shamba.

Sisemi yamekwisha. Msimu wa pombe ya ulanzi ulipofika, Jumatatu moja alikaa kimya, muuguzi akanipigia. Nilimkuta kilabuni, kikombe mkononi, analia. Watu wakanitania, "Mama mkwe kaja!" Nikaketi kando yake, nikampa simu yake aliyoiacha nyumbani. Akaandika alivyo, tukarudi nyumbani tumelowa mvua.

Wiki hii aliandika mbili. Mbili bado ni chini, na mimi nalala nikisikiliza kama anapumua. Lakini yu hai, na hiyo mbili aliiandika yeye.

Asante, Bwana! Umenifungua mimi niliyedhani ni mdogo wangu peke yake aliyefungwa. Nanyi ndugu zangu mlio wakubwa wa nyumba, mtu akimuuliza mdogo wako hali yake, nyamaza. Mtumaini Mungu, anamsikia hata usipomsemea.

Lameck amekaa benchi la nyuma. Ameniruhusu niseme haya, yaliyo makosa yangu. Ya kwake atayasema mwenyewe, siku akitaka. Tafadhali, msigeuke kumtazama. Mwombeeni tu.