Zahran bin Salem wa Kiponda, Aliyeziba Kisima kwa Ajili ya Pizza

Marehemu Zahran bin Salem alizaliwa Kiponda, Mji Mkongwe wa Unguja, siku ya Jumanne tarehe 14 Machi 1950, katika nyumba ya baba yetu, chumba cha chini kilichopakana na jiko. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho wa Salem bin Zahran na Bi Shariffa. Wa kwanza ni mimi, dada yake Muzna, niliyeandika haya ili mwanawe Sami ayasome mbele yenu katika hitima hii. Mji umesema mengi juu ya kilichomuua ndugu yangu. Wengine wamesema hasara, wengine wamesema husuda. Mimi nilikuwepo, na kumbukumbu yangu haijachakaa.

Alihitimu Kurani akiwa na miaka tisa, akasoma skuli mpaka darasa la nane. Mwalimu wake alimsifu kwa hati nzuri, lakini mapenzi yake yalikuwa jikoni. Mama alikuwa akioka mikate ya ufuta ya kuuza, na Zahran ndiye aliyeigeuza juu ya makaa kwa ncha za vidole, akiruka na kupuliza mkono, huku mama akimwambia, "Utaungua, we, hata mke wa kuoa usipate!" Mkate wa kwanza kila siku ulikuwa hauuzwi. Mama aliuweka ukingoni mwa kisima kilichomo ndani ya jiko letu, akisema ni wa jirani. Tukimuuliza jirani gani, hujibu, "Wa chini." Asubuhi mkate haupo. Tulisema ni paka. Mama alitufundisha na jambo jengine: ukiitwa na humuoni anayekuita, nyamaza mpaka mwito wa tatu, maana wa chini huita mara mbili tu. Sisi ni Waislamu, hatuabudu kisima. Lakini na jirani ana haki yake.

Baada ya mwaka sitini na nne baba alibaki na nyumba ile tu. Mwaka 1973 Zahran alikwenda Maskati, akafanya kazi katika jiko la hoteli kwa miaka kumi na tano, na huko ndiko alikojifunza pizza kwa bwana mmoja Mtaliana aliyekuwa akimwita kwa kumpigia miluzi. Alirudi mwaka 1988. Mama alifariki mwaka 1991, na Zahran akahamia chumba cha chini ili awe karibu na jiko lake; mkate wa jirani akawa anauweka yeye.

Alimuoa Bi Mwanaasha binti Mkubwa wa Kizimkazi mwaka 1979, alipokuja likizo. Siku ya harusi shangazi zetu wa mjini walinong'ona kwamba bibi harusi ni wa shamba. Mwanaasha alisikia, akawaambia, "Ndiyo, wa shamba. Na samaki mnaokula hapa mnadhani wanavuliwa Darajani?" Tangu siku hiyo nilimpenda. Mungu aliwajaalia Sami na Reem.

Kufika mwaka 1995 boriti za nyumba zilikuwa zimeoza, na wanunuzi wa mahoteli walikuwa wakibisha hodi kila wiki. Zahran aliapa kuwa nyumba haitoki mikononi mwetu. Akapeleka maombi Nairobi, kwa kampuni moja ya ng'ambo yenye maduka ya pizza nchi nyingi, wamruhusu kufungua duka kwa jina lao. Watu walicheka barazani. Bi Biasha, jirani yetu wa mkabala, alimwambia, "Yakhe Zahran, jina linanunuliwa? Wewe hukupewa lako siku ya saba, bure, na mbuzi akachinjwa?"

Jina lilinunuliwa, tena kwa bei. Dola elfu kumi na tano za kuingilia, zisizorudi hata duka likifa. Kisha katika kila mia ya mauzo, sita za kampuni na mbili za matangazo. Walitaka waone benki fedha zake mwenyewe, si za mkopo, za kuendesha duka miezi sita bila faida. Tanuri litoke kwao, jibini itoke kwao, hata maboksi. Ilimlazimu akae Nairobi wiki sita kufundishwa kukanda unga, yeye aliyekanda maisha yake yote. Alirudi akisema amefaulu, ila walimkataza kuimba. Manispaa walitaka cheti cha afya cha kila mpishi, na ofisi ya hifadhi ya mji ikakataa bango kubwa mpaka likapunguzwa. Akiba yote ya Maskati ilikwenda humo, na bangili za Mwanaasha juu yake.

Mwaka 1997 mkaguzi wa kampuni alikuja kutazama jiko. Alikuwa kijana wa Nairobi, mpole. Akasimama mbele ya kisima.

"Mzee, hii lazima ifungwe."

"Ntakitilia mfuniko."

"Mfuniko hapana. Maji ya wazi hayaruhusiwi jikoni. Ni zege, na vigae vya tailizi juu. Na kila kinachotoka tanurini kiandikwe na kiuzwe. Cha bure hakuna."

Mwanaasha alimvuta mumewe pembeni. "Baba Sami, ukimzibia mtu mlango, basi mwachie japo dirisha. Weka bomba dogo."

"Bomba wataliona, Mwanaasha. Unataka nyumba au hutaki?"

Fundi Mabrouk alimwaga zege. Aliniambia mwenyewe kwamba alipokuwa akilisawazisha alisikia chini yake kama mtu anayesogeza kiti.

Duka lilifunguliwa Januari 1998 na likajaa tangu siku ya kwanza. Watalii walipanga foleni mpaka kwa Bi Biasha, naye akawauzia maji. Boriti mbili zilibadilishwa. Tulidhani tumeshavuka.

Mwezi wa Mei, saa ya jua la utosi, duka likiwa tupu, Zahran alikuwa akifuta meza. Mimi nilikuwa mlangoni nachambua mchele. Nikasikia, naye akasikia, kutoka chini ya tailizi: "Zahran." Ilikuwa sauti ya mama, na kile kikohozi chake kidogo kabla ya kuita. Nikatikisa kichwa kumkataza. Ikaita tena, kwa upole zaidi: "Zahran." Ndugu yangu alikuwa hajaisikia sauti ile kwa miaka saba. Akasema, "Naam, mama."

Haukuja mwito wa tatu.

Tangu siku hiyo mikono yake ikawa baridi. Alitia mkono tanurini akatoa sinia kwa kiganja kitupu, wala hakuungua. Watalii walipiga picha na makofi. Mwanaasha alitoka nje akalia. Unga aliougusa haukuumuka tena, ukawa unakandwa na wengine. Nilimwambia avunje zege. Akanijibu, "Dada, nikilivunja wananyang'anya jina, na jina likienda nyumba inakwenda. Mimi nshaitika. Lililobaki ni la kuvumilia." Akavumilia mwaka na zaidi, na biashara ikazidi kunawiri.

Siku moja ya Septemba 1999, saa ile ile ya jua kali, Reem alikuwa amekaa chini akikunja maboksi. Alikuwa na miaka kumi na tano. Tukasikia: "Reem." Safari hii haikuwa sauti ya mama. Ilikuwa ya Zahran mwenyewe, na Zahran alikuwa amesimama mbele yetu, kinywa kimefumba. Mtoto akainua uso, akamtazama babake. "Reem," ikaita. Midomo ya mtoto ikafunguka. Zahran aliruka meza akamziba mdomo kwa ule mkono wa baridi, akamshikilia hivyo huku machozi yakimtoka, mpaka kukawa kimya kabisa.

Kisha akaagiza nyundo kwa Mabrouk, akavunja mwenyewe, hakumruhusu mtu kumpokea. Zege lilipotoboka tuliyaona maji. Zamani yalikuwa chini sana, ndoo ilikuwa ikitaka kamba ndefu. Sasa yalikuwa shibiri moja tu chini ya sakafu, yametulia kama mtu aliyetega sikio. Zahran akaoka pizza moja, hakuiandika popote, akaiweka ukingoni nzima nzima. Maji yakashuka mbele ya macho yetu, polepole, mpaka hatukuyaona.

Mkaguzi alifika wiki ile ile. Akalitazama shimo, akamtazama Zahran.

"Mzee, unajua huu ni mwisho wa mkataba?"

"Nnajua."

"Kwa ajili ya shimo?"

"Kwa ajili ya mtoto."

Kijana yule hakumdharau. Alifanya kazi aliyotumwa. Bango likashushwa na tanuri likafunguliwa vipande vipande. Fedha za kuingilia hazikurudi, kama walivyosema tangu mwanzo. Chumba cha mbele tulimpangisha muuza vitambaa, na kodi yake ndiyo iliyotengeneza paa. Nyumba haikuuzwa. Wanaosema ndugu yangu aliuliwa na hasara, wakae wakijua hivyo.

Ila aliyekwisha kuitika hakuwa na njia ya kurudisha neno lake. Baridi ilimpanda viwikoni, ikafika mabegani. Madaktari wa hapa na wa Dar es Salaam walimpima damu na moyo, wakasema ni mzima. Mwaka wa mwisho alikaa kwangu Mpendae, amejifunika mablanketi mawili katika joto la Februari, akimfundisha Reem kugeuza mkate wa ufuta.

Siku ya Jumatano tarehe 11 Agosti 2004, kabla ya adhana ya Adhuhuri, nilikuwa nimekaa karibu na kitanda chake, kimya. Akafumbua macho.

"Dada, unaniita?"

"Sikukuita, Zahran. Nyamaza, usiitike."

Akacheka kidogo. "Naitwa mara ya tatu, dada. Huyu ni mama wa kweli." Akatoa shahada, akatutoka. Alizikwa Mwanakwerekwe siku hiyo hiyo baada ya Alasiri.

Marehemu ameacha mjane, Bi Mwanaasha, dada, Muzna, mtoto wa kiume, Sami, na mtoto wa kike, Reem, aliyeitwa asiitike.

Mola ampe ndugu yetu usingizi usio na mwito, mpaka siku tutakayoitwa sote.